Siku za Maziwa, Siku za Dawa

Aberdeen, 9 Februari 1997

Baba yangu mpendwa,

Nilifika salama. Theluji imefunika kila kitu, na ng'ombe wa hapa wanafungiwa ndani hadi majira ya kuchipua. Ni weusi, wafupi, na hawana pembe kabisa. Ungewaona ungeniuliza wamefanya kosa gani hata wakanyang'anywa pembe zao.

Tulipoagana Mbarara uliniuliza kidonge kile kinafanya nini kikishafika ndani, nami nikakujibu harakaharaka kwa kuwa basi lilikuwa linaondoka. Nimeona aibu njia nzima. Haiwezekani mtu atumie miaka minne kuchunguza misuli ya mishipa ya damu halafu amwache baba yake ameze asichokielewa.

Kwa hiyo nakueleza sasa. Kuta za mishipa yetu ya damu zina misuli. Kalsiamu inapoingia ndani ya misuli hiyo, kupitia vijilango vidogo mno, misuli hujikaza. Yako imekuwa ikijikaza kupita kiasi. Damu inalazimika kupita kwa nguvu, na hiyo ndiyo presha ambayo Daktari Kagoro aliipima ukabishana naye. Mishipa ya moyo wenyewe nayo imekuwa myembamba, kwa hiyo ukipanda kilima moyo unakosa damu ya kutosha. Hayo ndiyo maumivu ya kifua uliyokuwa ukiyaita gesi. Nifedipini, yaani kidonge chako, hufunga baadhi ya vijilango hivyo. Huizuia kalsiamu isiingie kwa wingi, mishipa inalegea, moyo unapumua. Na usiione kalsiamu kama kitu cha kigeni: ni ile ile iliyojaa katika maziwa uliyotulea nayo.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeifuta mara mbili na kuirudisha. Nadhani inafaa.

Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Usikitafune, kimeze kizima. Usiache hata siku ukijisikia mzima, kwa maana uzima huo ndio kazi yake.

Mwanao,
Jeninah Kebirungi

*

Nyabushozi, 6 Machi 1997

Mwanangu Jeninah,

Ng'ombe hawajambo, nasi hatujambo. Mvua imeanza. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, mbele ya mzee mwenzangu Kanyabuhoro, naye akasema, "Huyu binti yako anaandika kama anayehubiri, tofauti ni kwamba yeye tumemwelewa."

Dawa inafanya kazi. Wiki iliyopita nilipanda hadi juu ya kilima cha malisho bila kusimama hata mara moja kujifanya natazama mandhari. Kifua kimya. Ila miguu imevimba kwenye vifundo, viatu vya kanisani vimegoma kuingia. Kanyabuhoro anasema nimenenepa kuanzia chini kama mnara.

Habari nyingine si nzuri sana. Siku ya Jumanne ng'ombe wetu Mayenje alitupa mimba ya miezi saba. Hakuanguka, hakupigwa pembe, malisho ni mazuri. Tangu nimpate hajawahi kuharibu mimba hata moja.

Nina swali moja la kuhakikisha tu. Uliandika kwamba kitu hicho ambacho dawa inakizuia ndicho kilichomo katika maziwa. Ni kile kile chenyewe, au ni kinachofanana nacho? Nijibu wazi, kama ulivyozoea.

Baba yako,
Yosamu Karegyesa

*

Aberdeen, 27 Machi 1997

Baba mpendwa,

Nimefurahi kupita kiasi kwa swali lako. Wanafunzi wangu hapa hawaulizi hivyo. Wao huuliza kama jambo litakuwemo kwenye mtihani.

Naam, ni kile kile chenyewe. Kalsiamu ni kalsiamu, iwe ndani ya maziwa, ndani ya mfupa, au ndani ya msuli wa mshipa wako. Hakuna ya aina nyingine.

Miguu kuvimba ni jambo linalojulikana kwa dawa hii, wala si dalili ya figo. Iinue juu ya kigoda ukikaa. Ikizidi, mwone Daktari Kagoro.

Pole kwa Mayenje. Ng'ombe wamechunguzwa ugonjwa wa kutupa mimba? Mwambie kaka Geresomu amlete daktari wa mifugo, na watumishi wasishike kilichotoka kwa mikono mitupu.

Mwanao anayejivunia wewe,
Jeninah

*

Nyabushozi, 12 Mei 1997

Mwanangu Jeninah,

Ng'ombe hawajambo. Maziwa mwaka huu hatujui tuyapeleke wapi; Geresomu anajaza madebe kwenye pikapu lake kila alfajiri na bado yanabaki. Watu wote hapa wanang'aa kama waliopakwa siagi.

Jibu lako nilipata, ahsante. Lilikuwa wazi.

Miguu imerudi kuwa yangu. Viatu vya kanisani vinaingia.

Dawa naiheshimu.

Usome kwa bidii. Baridi isikuzoee.

Baba yako,
Yosamu Karegyesa

*

Nyabushozi, 29 Mei 1997

Wifi yangu Jeninah,

Nakuandikia kwa kujificha, na barua hii Geresomu ataitia posta bila kujua kilichomo. Kaka yako ni mtu mwema lakini hana siri. Ukimwambia jambo asubuhi, jioni linakurudia kutoka kwa jirani.

Baba hali yake si nzuri. Nimemwona mara nne akisimama kwenye mlango wa zizi, mkono mmoja umeshika nguzo, mwingine umeshika kifua, jasho linamtoka na ni asubuhi ya baridi. Akiniona anaanza kuikemea nguzo. "Nguzo hii inaoza, mwambie mumeo." Wifi, nguzo ile ilichimbiwa mwaka jana.

Wiki jana alipelekwa zahanati. Nesi alipima presha, akapima tena mkono wa pili, halafu akamwita mwenzake: mia moja tisini na tano kwa mia na kumi. Nesi akamuuliza, "Mzee, dawa unameza?" Akasema, "Binti yangu ni daktari wa dawa hiyo hiyo. Unafikiri nitamwaibisha?"

Hilo si jibu, lakini nani atamwambia?

Mimi unanijua, ni mkwe. Chumbani kwake siingii, kopo la dawa zake silioni. Chakula chake namwekea mlangoni. Naweza kukuambia anachokunywa, siwezi kukuambia anachomeza.

Usimwambie nimekuandikia.

Wifi yako,
Mauda

*

Aberdeen, 18 Juni 1997

Wifi mpendwa Mauda,

Ahsante kwa ujasiri wako. Barua yako nimekaa nayo siku mbili kabla ya kujibu, kwa sababu sikutaka kujibu kwa hofu.

Nimejaribu kufikiri kwa utaratibu. Mwezi wa Pili alikuwa mzima na anapanda kilima. Kufikia Mei anafika zizini ameshika kifua. Kilichobadilika ni nini? Inawezekana baridi ya mvua inaibana mishipa, jambo ambalo limewahi kuonekana kwa wagonjwa wengine. Inawezekana vidonge vimeharibika kwa unyevu. Inawezekana pia ugonjwa wenyewe umesonga mbele, na kipimo kilichomtosha Januari sasa hakimtoshi. Siamini kikamilifu hata dhana moja kati ya hizi, ila ya tatu ndiyo ya hatari zaidi, na mtu akiwa mbali huona heri aifanyie kazi ile ya hatari. Kwamba hamezi sikulipa uzito. Baba ni mtu anayesoma barua mara tatu.

Nimemwandikia Daktari Kagoro. Nimependekeza aongeze kipimo mara mbili: viwili asubuhi, viwili jioni. Ameniletea jibu kwa faksi kwamba amekubali na ameshamtumia dawa mpya. Baba naye nimemwandikia kwa upole, nikijifanya ni mabadiliko ya kawaida.

Alipoandika kwamba uvimbe wa miguu umeisha nilishukuru Mungu. Nilidhani mwili wake umeizoea dawa.

Niandikie haraka.

Wifi yako,
Jeninah

*

Nyabushozi, 21 Julai 1997

Wifi yangu Jeninah,

Keti kwanza. Baba yuko hai, anaongea, na leo amenigombeza, kwa hiyo soma ukijua hivyo.

Kiangazi kimekuwa kikali. Majani yamekwisha, ng'ombe wamekauka, maziwa ni ya ndama tu. Sote tumekuwa tunakula ugali wa ulezi na nyama. Alhamisi iliyopita Baba aliamka mchangamfu kabisa, akaenda na wachungaji kwenye hori la kunyweshea. Nilikuwa nafua hatua chache kutoka pale. Kanyabuhoro alikuwepo, wanataniana kama kawaida yao.

"Karegyesa, leo umevaa uso wa bwana harusi."

"Nimeamka na dawa mpya. Binti yangu ameniongezea cheo, kutoka kimoja hadi viwili."

Ng'ombe walikuwa wanakunywa. Baba aliinama kuondoa jani ndani ya maji, akanyanyuka, na aliponyanyuka akawa kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Rangi ikamtoka midomoni. Akaanguka kando ya hori, katikati ya miguu ya ng'ombe.

Wifi, sikukumbuka kama mimi ni mkwe. Nilikimbia nikamwinua kichwa, nikamweka mapajani mwangu mbele ya wanaume wote. Kanyabuhoro alikuwa anapiga kelele, "Maji! Maji!" na tumesimama ndani ya maji. Baba alipofumbua macho na kuona ni mimi, aliyafumba tena. Nadhani kushikwa na mkwewe kulimuumiza zaidi ya kuanguka.

Daktari Kagoro alipima: presha ilikuwa imeshuka hadi tisini kwa hamsini. Akaniambia nikamletee dawa zote zilizoko nyumbani. Nikaingia chumbani kwake, ikiwa nimeshavunja mwiko mmoja hakuna haja ya kuogopa wa pili. Wifi, makopo ya Machi, Aprili na Mei yalikuwa chini ya kitanda. Mawili hayajafunguliwa. La tatu limepungua vidonge vichache.

Daktari akamwonyesha. "Mzee, hizi ni nini?"

Baba akaligeuza kopo moja mkononi. Halafu akasema, "Hizo ni za siku za maziwa."

"Siku za maziwa ndiyo nini?"

"Siku nikinywa maziwa simezi. Siku nikila chakula kingine nameza. Binti yangu amenieleza vizuri. Dawa hii inakizuia kile kile kilichomo kwenye maziwa. Nilimuuliza kama ni kile kile chenyewe. Akasema ni kile kile. Wewe ni mtoto wa hapa, Daktari. Ukinywa maziwa, unakula maharagwe siku hiyo? Ukishiba nyama, unafuatiza maziwa? Huli, kwa sababu vikikutana tumboni anayeumia si wewe, ni ng'ombe aliyekukamulia. Sasa mimi nitie tumboni kitu kinachopigana na maziwa, juu ya maziwa yenyewe? Mwezi wa Pili sikuwaza, nilivichanganya kila siku. Mayenje akatupa mimba."

Kanyabuhoro akadakia, "Ulimkaribisha mwizi zizini ukampa na kigoda!"

Daktari hakucheka. Alisema mwili uliokaa miezi bila dawa umeletewa dawa maradufu kwa mara moja, na kwamba angekuwa amesimama kilimani badala ya kando ya hori, tungekuwa tunazungumza mengine. Sasa amemrudisha kwenye kimoja asubuhi na kimoja jioni. Lakini mvua itarudi Septemba, wifi. Maziwa yatarudi.

Mauda

*

Aberdeen, 9 Agosti 1997

Baba yangu,

Mauda ameniandikia, na nakuomba usimkasirikie.

Makosa ni matatu na yote ni yangu. Nilikueleza dawa kwa kutumia maziwa kwa sababu nilitaka uone wepesi wa elimu yangu, nikasahau maziwa ni nini nyumbani kwetu. Mimi niliyechapwa nikiwa na miaka saba kwa kula karanga nikiwa nimetoka kunywa maziwa, nilisahau. Kisha ukaniuliza swali la mtu mwenye mashaka, nami nikalijibu kama la mwanafunzi mwerevu. Na ulipoanza kuumwa nikahesabu mvua, unyevu na umri, kila kitu isipokuwa barua yangu mwenyewe. Dawa iliyokuangusha nimeiagiza mimi.

Sasa nisikilize. Niliyokuambia yalikuwa kweli lakini hayakuwa yote. Nifedipini haikutani na maziwa tumboni. Inapita tumboni, inaingia kwenye damu, inakwenda kwenye vijilango vya misuli ya mishipa, na huko ndiko inakofanya kazi. Kalsiamu ya maziwa uliyokunywa, dawa haiigusi, haiiharibu, haiifukuzi. Kalsiamu iliyoko mwilini mwako inabaki mwilini mwako. Na ng'ombe aliyeko zizini hana mlango wowote ambao dawa hiyo inaweza kuufunga.

Mayenje alitupa mimba kwa sababu nyingine. Siijui. Ninajua tu kwamba si hii. Au, niseme kwa uaminifu, sioni njia yoyote ambayo ingeweza kuwa hii.

Nakusihi umeze kila siku, ya maziwa na isiyo ya maziwa.

Jeninah

*

Nyabushozi, 2 Septemba 1997

Mwanangu Jeninah,

Mvua imeanza mapema. Ng'ombe hawajambo.

Mauda simkasirikii. Mtu aliyekushika kichwa usianguke mara ya pili, unamkasirikia kwa lipi? Nimemwambia kuanzia sasa apite mbele yangu, aniangalie, ajibu nikimwita. Amelia. Sisi wazee hatujui la kufanya mwanamke akilia kwa furaha, nikaenda kutazama ndama.

Barua yako nimeielewa. Usidhani nimeshindwa kuielewa. Nilikuwa mwalimu wa kanisa miaka kumi na mitatu. Naweza kuelewa jambo na bado nikashindwa kulala nalo. Umeandika "sioni njia yoyote." Nimeipenda sentensi hiyo, kwa sababu ni ya mtu mkweli. Lakini baba yangu hakuniambia kwamba aliona njia. Aliniambia asichanganye mtu, nami sikuchanganya, na ng'ombe wale ndio waliokupeleka shule.

Umenisihi nimeze kila siku. Nimekubali. Tangu tarehe ishirini na tano nameza asubuhi na jioni, Mauda ni shahidi. Nesi amepima: mia thelathini na nane kwa themanini na sita.

Na ili nisichanganye, nimeacha maziwa.

Usinijibu kwa maelezo. Nimechagua mwenyewe.

Baba yako,
Yosamu Karegyesa

*

Nyabushozi, 10 Oktoba 1997

Wifi yangu,

Umenitaka nikuambie ukweli kuliko yeye anavyouandika, basi huu hapa.

Kifua hakimuumi. Anafika zizini na kurudi. Presha ni nzuri, Daktari Kagoro amemsifu. Kwa karatasi, Baba amepona.

Lakini wifi, hajawahi kuishi bila maziwa tangu azaliwe. Anakunywa chai ya rangi, anakishika kikombe kwa vidole viwili kama kitu cha mtu mwingine. Ugali anaumega, anauviringa, anausahau mkononi. Mkanda wa suruali ameutoboa tundu jipya, na juzi nimeona ametoboa la pili. Wazee wenzake wakija na kukaribishwa maziwa, yeye anatoka nje, anasema anasikia ndama analia. Jumapili Kanyabuhoro alimwambia, kwa kutania kwao kule, "Mwenye nyumba, mbona umekuwa mgeni?" Baba hakurudisha utani. Wifi, hilo ndilo lililonitisha.

Jana jioni aliniita. "Mauda, niletee chombo changu." Nilifurahi, nilijua amekubali. Nikamchagulia kile chombo cha mti alichopewa siku ya harusi yake, nikakifukiza vizuri kwa majani, nikakijaza maziwa hadi mdomoni. Alikipokea kwa mikono miwili. Akakiinua hadi usoni, akafunga macho, akavuta harufu ya moshi na maziwa kwa muda mrefu sana. Halafu akanirudishia, hakijapungua hata tone.

"Ahsante," akasema. "Wape watoto."

Barua zako ni nzuri, wifi. Lakini nafikiri zimefika mwisho wa uwezo wake.

Mauda

*

Aberdeen, 30 Oktoba 1997

Baba yangu,

Uliniambia nisikujibu kwa maelezo. Nimeandika maelezo mara tatu na kuyachana mara tatu, kwa hiyo nadhani nimetii.

Nilipopata habari ya presha yako nilipaswa kufurahi, na nilifurahi kwa muda wa siku moja. Tangu hapo najiuliza ni kitu gani hasa nilichokisaidia kupona. Mtu akipima mshipa tu, atasema tumeshinda. Mimi nimefundishwa kupima mshipa. Sijui kama nimefundishwa kumpima baba yangu.

Basi nisikushawishi. Nikuombe jambo ambalo ndilo kazi yangu, na ambalo naamini wewe ulilijua kabla yangu. Tunapokosa uhakika hapa, hatubishani. Tunajaribu, na tunatazama.

Nimeomba ruhusa. Nitafika nyumbani tarehe kumi na tatu Desemba, na nitakaa mwezi mzima. Nikubalie nifanye mimi: nimeze kidonge chako mbele ya macho yako, kisha ninywe maziwa ya ng'ombe wako, kila siku, wiki tatu. Mimi ni mtoto wa zizi hilo. Kama mchanganyiko unadhuru, utadhuru kwangu sawasawa na kwako. Ng'ombe wakipatwa na jambo, nitakiri mbele ya Kanyabuhoro kwamba sijui kitu, na sitakusumbua tena. Wasipopatwa, utaamua mwenyewe.

Ukikataa, nitakuja hivyo hivyo.

Jeninah

*

Nyabushozi, 20 Novemba 1997

Mwanangu Jeninah,

Mvua ya mwaka huu haina adabu. Barabara ya Mbarara imekatika sehemu mbili na barua yako imefika imelowa, lakini inasomeka.

Nilikaa nayo siku nne. Siku ya kwanza nilikasirika, kwa sababu ulikuwa unataka kutegea ng'ombe wangu mtego. Siku ya pili nilimsomea Kanyabuhoro, akasema, "Binti huyu ungemzaa mwanamume angetunyang'anya mifugo yote." Siku ya tatu nilikwenda zizini nikasimama. Siku ya nne nimeandika hii.

Njoo. Lakini jaribio lako lina kasoro, nami nitakusahihisha kama nilivyokusahihisha hesabu ulipokuwa mdogo.

Kwanza, wewe hutameza kitu. Presha yako ni ya msichana, ukimeza dawa ya mzee utaanguka kando ya hori na Mauda ana kichwa kimoja tu cha kubeba kwa mwaka. Kifua kinachouma ni changu. Nitameza mimi, nitakunywa mimi.

Pili, si zizi zima. Nitakunywa ya ng'ombe mmoja tu, na wengine hawatakamuliwa katika chombo changu. Watumishi walinishauri nimtenge yule mzee mwenye pembe iliyovunjika, ambaye hata akifa hatutakosa usingizi. Nimekataa. Nikijaribu kwa ng'ombe nisiyemwonea uchungu, akibaki mzima nitasema moyoni labda hakuwa na cha kupoteza. Nimemchagua Bihogo, mwekundu kama udongo uliolowa, mwenye mimba ya miezi mitano. Hakuna ninayempenda zaidi yake kwa miguu minne. Jina lake nimelifuta mara mbili kabla ya kuliacha hapa, na usiseme ni presha.

Tatu, nawe hili ulizingatie, kwa kuwa ndilo lililonifanya nikubali. Tangu Machi nimekuwa natazama peke yangu. Kila ndama aliyekohoa nilimwona anakohoa kwa ajili yangu. Wewe nawe umekuwa unatazama peke yako huko, ukaona mvua na unyevu. Mimi nikitazama nitaona ninachokiogopa. Wewe ukitazama utaona unachokitaka. Kwa hiyo kila asubuhi sote wawili tutakwenda kwa Bihogo, na hakuna atakayesema alichokiona mpaka mwenzake awe ameona.

Njoo kabla mvua haijakatika, maziwa yangali mengi. Lete viatu vya tope.

Baba yako,
Yosamu Karegyesa